Nani Alimfunza Mwenzake Pilau

Yule mama mpishi alimfukuza mume wangu kwa upawa, na hivyo ndivyo nilivyoingia mimi katika kazi ya kuwauliza watu habari za maisha yao.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa Wazungu waliokuja Unguja kwa kazi za serikali na za biashara, wakataka kuijua lugha ya mji. Mmoja wao, mtu mpole mwenye masikio mekundu kwa jua, alipokwisha kujua kusema alitamani kujua zaidi. Alimwomba mume wangu azunguke mjini na mashamba, awaulize watu wa kazi mbalimbali wamezaliwa wapi, nani aliwafunza kazi, na siku yao inakwendaje tangu asubuhi hata magharibi, kisha ayaandike majibu kwa maneno yao wenyewe bila ya kuyapamba.

Mume wangu aliifurahia kazi ile. Alikwenda kwa maseremala, kwa hamali wa bandarini, kwa wachoma chokaa, na kila akirudi alinisomea. Mimi nilikuwa najua kuandika. Baba yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi za Kiarabu nilipokuwa mdogo, ingawa bibi yangu alimwonya kwamba mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wavulana. Sikumwandikia mvulana yeyote. Nilinakili kazi za mume wangu kwa khati iliyosomeka, kwani mwandiko wake ulikuwa kama miguu ya kuku.

Siku aliyokwenda kwa mama mpishi alirudi mapema, kanzu yake ina madoa ya manjano kuanzia kifuani.

"Umeanguka?" nikamwuliza.

"Nimefukuzwa. Nilimkuta uwani kwa watu, anapika shughuli. Swali la kwanza hakujibu. La pili akaniambia hawezi kusema na mwanamume aliyesimama mbele ya moshi wake. La tatu akauinua upawa."

"Amekupiga?"

"Upawa haukunifika. Mchuzi ndio ulionifika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye, baada ya kununa kidogo, akacheka pia. Lakini jambo lenyewe lilimkera. Yule Mzungu alikwishakula pilau ya mama huyo kwenye harusi moja ya Malindi, karibu na kwetu, na katika watu wote wa mji huyu ndiye aliyemtaka zaidi.

"Basi nenda wewe," mume wangu akasema. Alisema kwa mzaha. Mimi sikulichukua kwa mzaha.

Nilivuka daraja kwenda Ng'ambo nimevaa buibui, wakati huo ndiyo kwanza mabuibui yanaingia mjini na wazee wanayatazama kwa shaka. Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa juu ya mkeka anachambua mchele. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kuinua vizito. Nyusi hakuwa nazo; moto ulikwishazila zamani, na mahali pake alipaka wanja, kila siku kwa umbo jipya. Siku ile nyusi zake zilikuwa za mtu anayeshangaa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alisimamisha mikono. Watu wa ukoo wangu hawakuwa na desturi ya kumwamkia hivyo mtu kama yeye, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa shamba, na wote wawili tulilijua hilo.

"Marahaba," akajibu, akaivuta ile sauti taratibu. "Karibu. Wewe ni mke wa yule wa maswali?"

"Naam."

"Madoa yametoka?"

"Bado."

"Hayatoki. Ile bizari."

Nikatoa karatasi, nikamwuliza kama alivyonielekeza mume wangu.

"Umezaliwa wapi, mama?"

"Kwa mama yangu."

"Mji gani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa mdogo."

"Nani aliyekufundisha kupika?"

"Njaa."

Nikaandika. Akanyoosha shingo kuitazama karatasi.

"Umeandika nini hapo?"

"Njaa."

"Futa. Utasoma mbele za watu, wataona nilikuwa ombaomba."

Nikafuta. Yeye akarudi kwenye mchele wake, mimi kwenye kalamu yangu. Mwishowe akaanza yeye kuniuliza. Nimeolewa lini, nina watoto wangapi, mume wangu ana hasira au hana, kwangu anapika nani. Nikamwambia kuna mwanamke anayenisaidia, lakini wali napika mwenyewe.

"Unatokaje?"

"Mara nyingine unashikana."

"Mara nyingine?"

"Mara nyingi," nikakiri.

Hapo ndipo alipocheka. Akanipigapiga goti kama tuliojuana miaka. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikikaa hivi sina maneno. Alhamisi nna shughuli kwa watu, Malindi huko huko kwenu. Njoo. Lakini usije kusimama na karatasi. Utamenya thomu."

Alhamisi nilimenya thomu, vitunguu saumu kapu zima. Nilimenya mpaka kucha zikawasha, kisha nikapewa vitunguu nikalia, kisha nikapewa pepeo nikapepea makaa. Uwani mle kulikuwa na masufuria ya shaba ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, yamekaa juu ya mafiga, na wanawake wasaidizi wanakwenda na kurudi. Mama mpishi alisimama katikati, kanga ameifunga kiunoni, anaonja, anatema, anaamuru. Na kama alivyosema, mbele ya moto maneno yalimjia.

Alizaliwa shamba, upande wa Kizimbani, kwenye mikarafuu. Mama yake aliwapikia wachumaji, na yeye akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kuwapelekea chakula chini ya miti. Alijifunza kumjua mtu mwenye njaa kwa namna anavyoshuka ngazi. Utumwa ulipoondolewa, mama yake alikwishakufa. Akaja mjini peke yake, akapika kwa watu, sahani moja moja, mpaka siku moja bibi mmoja mwenye nyumba kubwa akafiwa na mpishi wake asubuhi ya harusi, na yeye akasema, "Nipeni mimi." Hakuwa amewahi kupika sufuria kubwa hata moja. Alilisimulia hilo huku akigeuza vitunguu, na sauti yake ikashuka, kama bado anaogopa wenye harusi wasimsikie.

"Ikatoka?" nikauliza.

"Chini iliungua. Juu nikawapa wageni, chini nikala mimi siku tatu."

Nilikuwa sina nafasi ya kuandika, mikono yote thomu. Niliyashika kichwani, na kila aliponiruhusu nipumzike nilikimbilia pembeni nikachora maneno mawili matatu. Karatasi zile zilinuka thomu siku zote nilizokuwa nazo. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba Mzungu alizinusa kabla ya kuzisoma.

"Uliolewa, mama?" nikamwuliza vitunguu vilipokuwa vimeiva.

"Niliolewa. Na mtu wa melini. Nilipomchukua hajui hata kuchemsha chai. Nikamfunza mimi. Vitunguu, bizari, maji, moto, vyote mimi. Akachukuliwa kuwa mpishi wa meli kwa pilau yangu."

"Yuko wapi sasa?"

Akairudishia sufuria mfuniko. "Alikufa."

"Mungu amrehemu," nikasema.

Hakuitikia. Niliona ni uchungu, nikaacha.

Siku ya pili, tukiwa tunakula chakula cha mchana, nilimsomea mume wangu. Alikuwa akinisikiliza kwa furaha, anatikisa kichwa, mpaka nilipofika kwa marehemu mpishi wa melini. Akaacha kutafuna.

"Ametoka meli gani?"

"Jina hakulitaja. Moja ya zile za Bombay."

"Mrefu, mwembamba, ana jino la dhahabu?"

"Hakunieleza meno."

"Huyo hakufa. Jana asubuhi nimekunywa supu kwake."

Marehemu alikuwa na mkahawa mdogo nyuma ya forodha, ambapo hamali walikuja kunywa supu na kula mikate kabla ya kazi. Kutoka dirishani petu ukitupa embe litamfika. Mume wangu alikuwa mteja wake wa siku nyingi, na hakuwahi kumwuliza kitu kuhusu maisha yake ila bei.

Kesho yake alikwenda na karatasi. Yule mzee alikuwa kinyume cha mama mpishi, mkewe wa zamani. Hakusubiri kuulizwa. Alimsimulia mume wangu Aden na Bombay, tufani na papa, nahodha aliyependa pilipili na mhandisi aliyelia akiila. Kuhusu kupika alisema alifunzwa melini na mpishi mmoja Mgoa wa Bara Hindi, mtu mkali aliyempiga vidole kwa mwiko. Naye aliporudi Unguja akamfunza mkewe.

"Amesema hivi," mume wangu akanisomea. "'Mke wangu nilipomchukua anajua kisamvu na muhogo. Pilau nimemfunza mimi. Mpaka leo anapika pilau yangu, nikipita penye harusi naijua kwa harufu. Ila mkono wake mzito wa chumvi.'"

"Mwongo," nikasema.

"Kwa nini awe mwongo yeye, asiwe huyo wako? Wako alisema mtu amekufa."

"Wako anasema papa alipanda ngazi ya meli."

"Hilo amelipamba kidogo."

Tulicheka, lakini si sana. Ajabu ya kazi ile ni kwamba ukishakaa na mtu ukamsikiliza, unakuwa wakili wake bila kujua. Mume wangu alimtetea mzee wake, mimi nikamtetea mpishi wangu, na chakula chetu cha mchana kikawa baraza la kesi. Wiki ile wali wangu ulishikana kupita kawaida, na wallahi sikukusudia.

Mzungu alipoambiwa alifurahi. Akasema yaandikwe yote mawili. Lakini mimi sikuridhika. Nilitaka kujua. Nikarudi Ng'ambo, na katika kumwuliza mama mpishi habari za makaa yanayowekwa juu ya mfuniko, neno likaniponyoka.

"Maana yeye anasema kupalia makaa juu umejifunza kwake."

Nyusi zake siku ile zilikuwa nyembamba na zimenyooka. Hazikusogea.

"Yeye nani?"

Nikaiinamia karatasi yangu. Hakuna pa kujificha mbele ya mtu aliyekuzoea.

"Umemwona?" akauliza.

"Mume wangu amemwona."

Akachukua ungo, akapepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa. "Amesema nini jingine?"

"Amesema pilau ukiipika anaijua kwa harufu."

"Na nini?"

"Basi."

"Mwanangu, uso wako hauna mlango. Amesema nini jingine?"

"Amesema mkono wako mzito wa chumvi."

Nilidhani atakasirika. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, na alipouinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi ya kicheko. "Mwambie mumeo amwulize," akasema, "nani aliyetia chumvi mara mbili siku ya khitima ya mzee wa Mkunazini."

Mume wangu akauliza. Jibu likarudi: alitia mara mbili kwa sababu mkewe alikuwa akimsemesha. Nikalipeleka Ng'ambo. Akanituma tena. Tukawa hatuandiki maisha ya watu tena, tumekuwa matarishi. Asubuhi mume wangu anakunywa supu na kupokea ujumbe, alasiri mimi navuka daraja kuufikisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema "msalimie". Walitumiana makosa ya kila mmoja, moja baada ya jingine, na kila kosa lilikuwa na siku yake, na nyumba yake, na hali ya hewa yake. Nilianza kuona ni mambo mangapi waliyoyafanya pamoja.

Siku moja nilimkuta amerudi kutoka kwenye kazi, amechoka, miguu ameitia ndani ya beseni la maji. Sikuwa na ujumbe wala swali. Nikakaa karibu naye. Akaanza mwenyewe.

"Unajua tuliachana kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Kwa maji. Maji ya wali." Akachezesha vidole vya miguu ndani ya beseni. "Alikuwa amerudi safari. Alisema safari ile ndiyo ya mwisho, na kila safari alisema hivyo. Tukawa tunapika harusi ya watu. Mimi nikasema maji yametosha, yeye akasema bado. Nikamwambia, wewe mtu wa baharini, unajua maji gani? Wasaidizi wakacheka. Akaona haya. Akatamka talaka pale pale, mbele ya sufuria, mbele ya watu."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo. Ilikuwa moja tu, talaka yenyewe. Angeweza kunirejea katika eda, ile miezi mitatu ya kungoja, hata kwa neno. Lakini meli yake ikaondoka, naye akaona haya kuja kuniaga. Aliporudi eda imekwisha. Akapita hapo mlangoni. Nilimwona kwenye upenyo. Alisimama, akaondoka. Nami sikufungua."

Nikamwuliza kwa nini alisema amekufa.

"Watu wanauliza sana, yuko wapi, yuko wapi. Mtu akifa hawaulizi." Akanitazama. "Hilo usiliandike. Au liandike. Sijui. Fanya unavyoona."

Nilimweleza mume wangu siku ya pili, na safari hii hapakuwa na kesi. Akasema mzee naye alimwambia kitu kile kile, ila kwa maneno machache mno kwa mtu kama yeye: "Safari zilituachanisha." Kisha mzee akarudi kwenye habari za papa.

Pengine mambo yangebaki hivyo kama si mdogo wangu kuolewa. Baba alitaka harusi ya kuwalisha watu wa mtaa mzima, wanaume barazani na wanawake ndani, na mpishi, bila ya shaka, awe mama mpishi. Akakubali. Siku chache kabla ya harusi nilikwenda kupanga naye manunuzi, nikamkuta mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Samli ya moto ilimmwagikia kwenye shughuli ya watu wengine.

"Naweza kuonja," akasema. "Naweza kuamuru. Kuinua siwezi, na kugeuza sufuria kubwa siwezi."

"Tutatafuta mtu mwingine akusaidie."

"Nani? Wanaojua mkono wangu ni wale wasaidizi wangu, na wao wanajua kumenya tu." Alitazama kitambaa chake, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza wa pili. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kamwiteni yule marehemu."

Mume wangu alipompelekea habari, mzee alikuwa anakata mkate. Alikata mkate wote mpaka mwisho, mwembamba mwembamba, wateja wanangoja. Akauliza, "Amesema mwenyewe?" Mume wangu akamwambia amesema mwenyewe. Akawafungulia hamali sufuria ya supu wajichotee, akaenda kutafuta kanzu safi.

Alikuja uwani kwetu alfajiri ya siku ya harusi, mrefu, amenyoa, na mwiko wake kwapani. Mama mpishi alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na mafiga. Akauvuta ushungi wake. Siku ile nyusi zake alizichora kwa uangalifu kuliko siku zote nilizomjua.

"Assalamu alaykum," mzee akasema.

"Wa alaykum salaam. Umekonda."

"Nakula upishi wangu mwenyewe."

"Ndiyo sababu."

Wasaidizi walijifanya wana shughuli nyingi. Mimi nilikuwa na sinia la hiliki mikononi, nikaipepeta hiliki isiyohitaji kupepetwa. Mzee alitia samli, akatia vitunguu, akaanza kugeuza. Kwa muda mrefu haikusikika ila sauti ya mwiko kwenye shaba. Yeye anageuza, mama anatazama. Vitunguu vilipokaribia wekundu alinyoosha mkono wake mzima bila neno, na mzee akamwacha aonje rangi kwa jicho.

"Bado," akasema mama.

"Bado," akaitikia mzee.

Kisha: "Sasa."

"Sasa."

Hivyo hivyo mpaka maji. Ilipofika kutia maji, uwa mzima ulinyamaza. Hata wale ambao hawakuijua hadithi walinyamaza kwa kuona wengine wamenyamaza. Mzee alikuwa ameshika ndoo. Akamimina, akamimina, akasimama. Akamtazama mama.

"Yametosha?" akauliza.

Mama mpishi akaitazama sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ongeza kidogo," akasema.

Mzee akaongeza kidogo. Aliiweka ndoo chini, akajifuta uso kwa bega, na sijui kama ulikuwa moshi.

Baadaye, makaa yalipokwisha kupaliwa juu ya mifuniko na hapakuwa na kazi ila kungoja, walikaa kila mtu kwenye kibao chake, nami nikachukua nafasi niliyoingoja muda mrefu. Nikawauliza mbele ya wote wawili, nani alimfunza mwenzake.

Wakaanza kujibu kwa pamoja. Vitunguu vilikuwa vya mama, hilo mzee alilikubali mara moja. Alikuwa akivikaanga nusu nusu kabla ya kumjua. Makaa ya juu yalikuwa ya mzee, kutoka kwa yule Mgoa, na mama akakubali, ingawa alisema mzee aliyaweka mengi mno. Lakini kuloweka mchele kabla? Mama akasema wake. Mzee akasema wake. Nyama kuchemshwa na tangawizi? Kila mmoja alikumbuka siku aliyoifanya mara ya kwanza, na mwenziwe amesimama kando, haamini. Nilivyowasikiliza niliona kwamba pilau ile ilipikwa kwa miaka, kila meli iliporudi na kila ilipoondoka, na wao wenyewe hawakujua tena mstari umepita wapi. Hata hivyo hawakukubaliana. Kuhusu mchele hawakukubaliana mpaka Mungu alipowachukua.

Pilau ilitoka. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliomba ukoko.

Mwezi ule ule mzee alimtuma mume wangu kwa mama mpishi kumposa. Mume wangu alinituma mimi, kwa sababu ya upawa. Nilivuka daraja nikiwa na furaha kama ninayeposwa mwenyewe. Nikasema maneno yote ya heshima yanayosemwa.

Mama mpishi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nimeshukuru," akasema. "Mwambie mume sihitaji, nimeshazoea kulala nimenyoosha miguu. Lakini mpishi namhitaji. Mkono huu haujawa sawasawa, na hata ukiwa sawasawa, masufuria yamekuwa mazito kuliko zamani. Kama anataka, Jumatatu nna shughuli Shangani. Aje na mwiko wake."

Nilirudi nimeinamisha kichwa. Mume wangu naye akaupeleka ujumbe kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. Mzee alimsikiliza, akafikiri, akauliza kitu kimoja tu: Jumatatu saa ngapi.

Walipika pamoja miaka mingi. Mkahawa mzee aliuachia mpwa wake. Watu wa mjini walipotaka shughuli walisema "tuitieni wale wawili," na wageni waliona ni mume na mke kwa jinsi walivyogombana. Mara moja nilimwuliza mama mpishi kama hajuti kumkataa. Akaniambia, "Nnamwona kila siku, na jioni anakwenda kwake. Unataka nini zaidi kwa mwanamume?" Nilimtazama mume wangu vizuri jioni ile nilipofika nyumbani, nikaamua kuwa mimi nataka zaidi.

Mzungu aliondoka na karatasi zetu. Kama zilipigwa chapa sijui, hatukuletewa kitu. Nilihuzunika kidogo, kisha nikasahau, kwa sababu wakati huo nilikuwa na kazi nyingine. Habari zilikuwa zimeenea kwa wanawake kwamba yuko mtu anayekaa na wewe, anamenya thomu yako, na anataka kujua umeishi vipi. Hawakungoja niwafuate. Mmoja alikuja kutoka Makunduchi, mkunga, amepanda punda wa mpwa wake, vumbi mpaka kope. Nilimkaribisha juu, nikampa maji. Aliyanywa yote kwa pumzi moja, akaweka bilauri chini, akajifunga kanga vizuri.

"Haya," akasema. "Wa kwanza kumzalisha alikuwa dada yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto. Umeshika kalamu?"

"Naam," nikasema. "Nimeshika."